Filamu ya Meli Aliyoitafsiri Rafiki Yangu

Kwenye filamu, nahodha ndiye anayeshika usukani. Anaukumbatia kwa mikono miwili, mvua inamchapa usoni, koti limelowa chapachapa, naye anapiga kelele ambazo hakuna anayezisikia isipokuwa sisi tulioketi kwenye benchi. Nimefanya kazi kwenye meli za mizigo kwa miaka kadhaa sasa na sijawahi kumwona nahodha akigusa usukani. Meli ikishafika katikati ya bahari inajiongoza yenyewe kwa mtambo, na huo usukani wenyewe ni kidude cha kuchekesha, hakizidi ukubwa wa sahani. Nahodha ninayemjua mimi hushinda ameinamia makaratasi ya wakaguzi, miwani imeteremka puani, akilalamika kwamba tumbo halijatulia tangu juzi.

Mniwie radhi kwa kuanza na hasira. Hasira hii ina sababu, na sababu yenyewe iko Kasulu, kwenye chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili sauti isitoke nje.

Kwetu ni Kibondo, lakini sekondari nilisoma Kasulu, na nyuma ya soko la Kasulu palikuwa na kibanda cha video cha mabanzi na turubai. Jumamosi tulitoroka bweni, mimi na rafiki yangu tuliyelala kitanda kimoja cha juu na chini, tukaenda kukaa kwenye benchi la mbele. Mtu ambaye hajaangalia filamu katika vibanda vya kwetu hataelewa hasira yangu, kwa hiyo nieleze. Filamu zilikuwa za Kizungu, za Kichina, za Kihindi, na wengi wetu Kiswahili chenyewe tulikikuta shuleni baada ya Kiha cha nyumbani. Ndipo alipohitajika mtafsiri. Mtafsiri anasema kwa niaba ya kila mtu kwenye picha, mwanamume, mwanamke, mtoto, hata mbwa, na katikati anatueleza mambo yanavyokwenda. Tena anawaingiza watu wa kwetu. Jambazi akitokea, atasema huyu ni kijana wa Murusi, kwao wanamfahamu. Mwanamke wa Kizungu akilia dirishani, atasema mumewe alikwenda Mabamba mnadani na mpaka leo hajarudi. Kibanda kizima kinaanguka kwa kicheko.

Utamu wa filamu ulikuwa hapo. Ila kwa kuzoea, watu wa kwetu hawatenganishi kilichomo kwenye picha na alichoongeza mtafsiri. Akisema huyu ni mwoga, basi ni mwoga, hata kama mtu wa watu alikuwa anapiga chafya. Bibi asiyejua neno la Kiingereza atamwamini nani mwingine?

Jumamosi mojawapo walionyesha filamu ya meli ya mizigo. Mabaharia walikuwa juu ya sitaha wanachoma nyama, mmoja anapiga gitaa, na mpishi amevaa kofia nyeupe ndefu kama mnara. Jua linang'aa, hakuna anayetokwa jasho. Nilitoka kibandani nikiwa nimeshaamua. Rafiki yangu naye alitoka ameamua, ila yeye hakuitaka meli, aliitaka ile sauti. Njia nzima ya kurudi shule alikuwa anatafsiri ng'ombe na waendesha baiskeli tuliopishana nao. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na nilimpenda sana siku ile.

Kila mmoja alikipata alichokitaka. Mwenye duka jirani yetu pale Kibondo, mzee Mwislamu mwenye ndugu zake pwani, ndiye aliyenitafutia mahali pa kufikia Dar es Salaam nilipokwenda kusomea ubaharia. Rafiki yangu alibaki Kasulu, akanunua kompyuta na kipaza sauti, akabandika trei za mayai ukutani. Leo sauti yake inajulikana Kakonko, Munanila, hadi ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Vibanda vimekufa vingi, lakini filamu zake zinahama kwenye flashi kutoka televisheni moja kwenda nyingine.

Mimi nilikutana na kutu. Hakuna filamu inayoonyesha kutu, na kazi ya baharia wa sitaha ni hiyo. Unapewa nyundo, unapiga chuma tangu asubuhi mpaka meno yanatetemeka kinywani, unasugua kwa brashi ya waya, unapaka rangi. Ukifika mbele ya meli, nyuma kumeshaoza tena. Chumba cha kulia kina watu wa nchi mbalimbali, kila mmoja ameinamia simu isiyo na mtandao, anatazama picha zilezile za watoto wake. Gitaa sijaliona. Na hizo bandari za filamu, zenye taa na wanawake waliojipodoa wakimsubiri baharia! Mji niliokuwa nautamani kuliko yote nimeuona uzio wake tu, mlinzi mmoja, na mbwa wa mlinzi. Shehena ilishushwa, tukaondoka.

Nilihisi nimechezewa shere. Lakini unamrudia nani? Waliotengeneza filamu ile hawajui kuna mahali panaitwa Kasulu.

Mama yangu hakuyajua haya. Yeye ni mjane, anauza maharage sokoni Kibondo, na meli aliyoijua ni ile ya filamu yetu ya Kasulu, aliyokuja kuiona kwenye televisheni ya jirani. Kila nikirudi likizo alikuwa ananiuliza kama yule mpishi bado anavaa kofia yake ndefu. Nilimjibu kwamba anavaa. Alikuwa anafurahi, anawapelekea habari wenzake wa sokoni, na alilala usingizi wake bila kugeukageuka. Ningemwambia nini, kwamba mpishi wetu anavaa kaptula na ana kikohozi?

Nyumbani kwetu tuna desturi moja ambayo sijui aliianzisha nani. Anayesafiri habebi mzigo wake. Wa kwao ndio wanaombebea mpaka anapopandia gari, yeye anakwenda mikono mitupu akiongea nao. Ukiona mtu anatoka na begi lake mwenyewe, majirani wanajua ameondoka kwa ugomvi. Kila nilipoondoka kwenda melini, mama ndiye aliyebeba begi langu kichwani mpaka stendi, mwanamke mfupi chini ya begi kubwa, na mimi kijana mzima nimekunja mikono pembeni yake. Watu wa Dar wakiniona hivyo wangenitukana. Kwetu wangenishangaa kama ningelishika.

Likizo iliyopita nilishuka Kasulu kabla ya kwenda nyumbani, kwa sababu rafiki yangu alikuwa amenipigia simu.

“Kaka, nimepata muvi ya meli,” alisema. “Safari hii nataka ukweli mtupu. Watu wamechoka na chumvi zangu.”

Nilifurahi, nisifiche. Niliona hatimaye kuna mtu wa kulipa deni la ile Jumamosi. Tulikaa kwenye chumba chake cha trei za mayai, yeye na kipaza sauti chake, mimi na chupa ya chai ya tangawizi, tukaipitia filamu kipande kwa kipande. Nilimwambia nahodha hashiki usukani. Nilimwambia hakuna baharia anayetembea sitahani kifua wazi, kuna ovaroli na kofia ngumu. Alikuwa anacheka, anarudia maneno yangu kwa sauti za watu tofauti, na mimi nikajiona mtu wa maana.

Tukafika mahali ambapo ngama, lile tumbo la meli linalobeba shehena, inajaa maji. Baharia mmoja amekwama chini. Mwenzake amesimama juu mlangoni, anatia mguu, anautoa, macho yamemtoka. Kisha anakuja shujaa, anamsukuma pembeni, anaruka, na baada ya muziki mwingi anatoka na mtu mabegani.

Rafiki yangu akaisimamisha picha. “Hapa kwa ukweli inakuwaje?”

Nikamweleza. Sikuwa nimemweleza mtu yeyote wa nyumbani, na sijui kwa nini siku ile mdomo ulinifunguka. Labda ni kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa amekaa na mimi kwenye benchi.

Nilimwambia tulikuwa tumebeba magogo. Magogo mabichi yakifungiwa ngamani siku nyingi yanakula hewa. Ukitazama huoni kitu, hakuna moshi, hakuna harufu ya kukutisha. Kwa hiyo kazi ina utaratibu wake: hewa inapimwa kwanza, na anayeshuka lazima awe na mtu mlangoni mwenye redio. Huyo wa mlangoni kazi yake ni moja, kuita msaada. Haruhusiwi kumfuata mwenzake, hata amwone anaanguka, kwa sababu hewa iliyomwangusha wa kwanza haimchagui wa pili. Tunafundishwa hilo mpaka tunaliota.

Mwenzangu wa zamu, kijana wa Ufilipino ambaye tulikuwa tunagawana sabuni, alishuka kabla ya kupima. Alisema anaangalia kitu kidogo tu pale chini ya ngazi, anarudi. Nilimwambia ngoja. Alicheka, akashuka. Alifika katikati ya ngazi, mkono ukaachia taratibu, kama wa mtoto aliyepitiwa na usingizi mgongoni mwa mama yake. Hakupiga kelele. Niliona kofia yake ya njano imetulia chini juu ya magogo.

Niliita kwenye redio. Kisha nikatia mguu kwenye ngazi. Nikautoa.

Walikuja watu wenye mitungi ya hewa, wakamtoa, lakini alikuwa ameshakwenda. Bosani wetu, mnyapara wa mabaharia wa sitaha, alinishika bega akasema nimefanya kazi yangu. Mwili uliwekwa kwenye chumba cha baridi, na vyakula vikasogezwa upande mmoja. Mpishi aliendelea kupika, maana watu lazima wale. Mimi niliendelea kugonga kutu.

Nilipomaliza, rafiki yangu alikuwa ameinamisha kichwa. Nilimwambia hii habari mama haijui, na sitaki aijue.

“Kaka,” alisema, akiweka mkono kifuani, “kwani mimi ni nani kwako?”

Nilikwenda nyumbani Kibondo moyo mwepesi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilikwenda moyo mwepesi.

Filamu ilifika Kibondo wakati likizo yangu inakaribia kwisha. Mwenye duka jirani yetu ana televisheni barazani, na jioni watu hukaa kwenye mabenchi yake wakinunua kidogo na kuangalia sana. Mama alikuwa amesikia kwamba nimesaidia kuitafsiri. Alifunga biashara mapema, akavaa kitenge cha kanisani, akawaita wenzake wa sokoni, akaleta na karanga za kukaanga kwenye ungo kana kwamba ni sherehe ya kwake. Mimi alinikalisha ubavuni.

Sauti ya rafiki yangu ilianza kabla ya picha. Alisema tafsiri hii imesimamiwa na baharia wa kweli, mtoto wa Kibondo, mnamjua. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama alivuta kitenge chake mabegani, akatazama mbele na uso mkavu, jinsi anavyofanya akisifiwa. Nahodha alipotokea, rafiki yangu akasema, “Msidanganyike, nahodha halisi hashiki hicho kitu, yuko ofisini anaumwa tumbo.” Baraza zima lilicheka, nami nikacheka. Nilijisemea, angalau safari hii wameambiwa ukweli.

Ngama ikajaa maji. Yule wa mlangoni akatokea.

“Mtazameni vizuri huyu,” ilisema sauti ya rafiki yangu, kwa ile furaha yake ya siku zote. “Huyu ndiye wa kwetu. Mwenzake wanagawana sabuni, sasa yuko chini anamwita, kaka nisaidie, kaka nakufa. Mtoto wa Kibondo ametia mguu. Haya, ameutoa! Anasema mimi nimeacha ugali wa mama nyumbani, kufa ni zamu yako.”

Watu walicheka. Shujaa aliruka, na sauti ikasema, “Mnaona wenzetu? Wenzetu wanaruka.”

Kicheko kilikatika kidogokidogo, mtu mmojammoja, kadiri walivyokumbuka kwamba nimekaa pale. Mwenye duka alinyanyuka akapunguza sauti. “Vijana hawa wa tafsiri,” alisema, “maneno yao nusu ni chumvi. Msiyashike.” Alisema vile kwa wema. Lakini nilijiona nimevuliwa nguo mbele ya wanawake waliokuwa wakinibeba mgongoni utotoni.

Mama hakuwa amecheka. Alikuwa ameshika ungo wa karanga kwa mikono yote miwili. Aligeuka akaniangalia usoni, na sijui aliona nini, kwa sababu hakungoja filamu iishe. Alisimama akaenda nyumbani, na mimi nikamfuata.

“Ni wewe yule?” aliniuliza tulipofika uani.

“Ni mimi. Ila hakuita, mama. Hakusema neno.”

“Yule mtu alikufa?”

“Alikufa.”

Nilimweleza kwa mfano anaoujua. Wachimba visima wa kwetu hawashuki kwenye kisima cha zamani kabla ya kuteremsha kibatari kwa kamba, na kibatari kikizimika, hakuna anayeshuka. Anajua habari za watu waliomfuata mwenzao kisimani wakatolewa wote kwa kamba moja. Nilimwambia ngama ni kisima, na mimi niliona kibatari kimezimika. Aliitikia kwa Kiha, “Ego, ego,” ndiyo, ndiyo, akiwa anaangalia miguu yangu. Kisha akaingia jikoni kusonga ugali wa muhogo. Hakuniuliza tena habari ya kofia ya mpishi.

Kesho yake nilipanda gari la asubuhi kwenda Kasulu. Ukungu ulikuwa haujaondoka milimani. Nilimkuta rafiki yangu chumbani kwake na mteja mmoja, Mkongomani anayefanya biashara ndogo ndogo kambini Nyarugusu, amekuja na flashi zake kuongezewa filamu. Yule mtu alinisalimia kwa heshima, akaendelea na maongezi yao.

“Ile filme ya bato iko muzuri sana,” alimwambia rafiki yangu, akimaanisha ile ya meli. “Ule muntu wa woga, ule wa ku mulango, bote tulimucheka mpaka machozi ikatoka.”

Rafiki yangu alinitupia jicho, akatazama kompyuta. Tulingoja mpaka mteja akaondoka.

“Kwa nini umesema aliita?” nilimuuliza.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi tangu Kibondo, na nilishangaa kuona hilo ndilo lililotangulia. Mtu alikufa kimya. Kimya chake ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho cha kwake, na huyu amekitia mdomo.

“Kaka, mtu akifa kimya watazamaji hawamwoni,” alinijibu. Hakusema kwa ubaya, alikuwa ananieleza ufundi wake. “Na yule wa mlangoni sijamsingizia. Si umeona mwenyewe, katia mguu katoa? Picha ndivyo ilivyo. Ulivyonisimulia na ile picha vimeingiana kabisa, ningeviachaje?”

“Nilikwambia mama hajui.”

“Sijataja jina lako hata mara moja.”

“Umesema Kibondo. Kibondo ina mabaharia wangapi?”

Alikuna kichwa. “Hii kazi imebamba kuliko zote nilizowahi kufanya,” alisema, kama mtu anayetaka nimpongeze. Aliposhindwa kunisoma uso akaongeza kwamba akitaka kuifuta ataifuta kwenye kompyuta yake tu. Imeshavuka kwenda Kakonko na Mabamba, na kule Munanila wameirusha kwenye simu. “Watasahau, mwanangu. Wiki ijayo natoa ya kareti.”

Ningempiga. Ngumi ilikuwa imeshakunjika. Lakini nilitazama zile trei za mayai, nikaona kwamba hajui alichofanya na hatajua, na kwamba kwa akili yake amenifanyia hisani, ameniweka kwenye filamu. Nilitoka bila kumuaga. Tulikuwa tumelala kitanda cha juu na chini.

Kwenye gari la kurudi nilikuwa na muda wa kufikiri, na kadiri nilivyofikiri hasira ilizidi. Usukani ni uongo mdogo. Kofia ya mpishi, gitaa, wanawake wa bandarini, yote hayo mtu anaweza kuyasamehe, ni mapambo. Uongo mkubwa ni ule wa kuruka. Filamu zote za meli nilizoziona zina mtu anayeruka, na hakuna hata moja iliyoonyesha wawili waliokufa kwa sababu wa pili aliruka, ingawa melini tunabandikiwa picha zao ukutani mwa chumba cha kulia ili tusisahau. Nani angelipa kuangalia mtu aliyesimama mlangoni na redio, anafanya kazi yake, na hashuki?

Siku zilizobaki mama hakunisema vibaya. Alinipikia maharage ya mawese ninayoyapenda, aliniuliza kama soksi zimekauka. Sokoni wenzake walimwambia vijana wa siku hizi hawana adabu kwa kuchezea majina ya watu, naye akakubali. Nilianza kuamini kwamba yamepita. Mkataba wangu mpya ulikuwa umeshafika, na nilitaka kitu kimoja tu kabla ya kuondoka: aseme, kwa mdomo wake, kwamba nilifanya sawasawa. Bosani alishasema. Lakini bosani si mama yangu.

Mchana wa mwisho nilimkuta uani anachambua maharage, nikakaa naye kuchambua. Nikamuuliza.

“Mama, ulinielewa ile habari ya kisima?”

“Nilielewa. Kibatari kikizimika, mtu hashuki. Mimi si mtoto.”

“Basi hukunikasirikia.”

Aliokota jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa. “Yule kijana ana mama?”

“Anaye.”

“Hai?”

“Yuko hai.”

Vidole vyake viliendelea na kazi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila ukali wowote, “Mwana wanje, mwanangu, ingekuwa wewe ndiye uliyeko chini kule, mimi ningetaka yule wa juu aruke.”

“Tungekufa wawili, mama.”

“Najua. Umenieleza nikaelewa. Hata hivyo ningetaka aruke.”

Mtafsiri alikuwa ametia chumvi, waliotengeneza filamu walikuwa wamedanganya, na mama yangu, ambaye hajawahi kunidanganya, alikuwa upande wao. Niliendelea kuchambua maharage yake mpaka ungo ukaisha.

Asubuhi aliamka kabla yangu, akachemsha chai, akanifungia viazi vya njiani. Alivaa kitenge chake akanisindikiza kama kawaida, tukapita mbele ya duka, mwenye duka akatuamkia. Mikono ya mama ilikuwa ndani ya kitenge kwa sababu ya baridi, na hakuitoa. Begi nililibeba mwenyewe mpaka stendi.